Kiputo Kilichonasa na Kiputo Kinachopita: Kupima Mchochota wa Mishipa kwa Ultrasaundi

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1968 watafiti Gramiak na Shah, wakiwa Rochester, Marekani, walieleza jinsi kudunga majimaji kulivyoleta wingu la mwangwi kwenye chanzo cha aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Lilikuwa wingu la viputo vya gesi. Toka hapo tumezoea viputo vinavyotuonyesha damu inapita wapi. Leo tunataka viputo vinavyosimama.

Visimame wapi? Mshipa ukipata mchochota, ukuta wake wa ndani hubadilika. Protini iitwayo P-selektini huwa imehifadhiwa tayari ndani ya seli, hivyo hujitokeza kwa dakika chache. Protini nyingine, VCAM-1, lazima itengenezwe kwanza, jambo linalochukua saa kadhaa. Chembe nyeupe za damu hunasa kwenye protini hizo, nasi tunakipa kiputo mikono kama yao. Kikiwa na kipenyo cha mikromita 2 hadi 3 hakitoki nje ya mshipa, kwa hiyo shabaha isiyo ukutani msiihangaikie.

Sasa twende jikoni. Malighafi ya ganda la kiputo, yaani lipidi ya DSPC na PEG-40 stearati, molari 9 kwa 1, pamoja na lipidi kidogo yenye bayotini (vitamini tunayoitumia kama ndoano), hupashwa moto hadi nyuzi 60, kwa kuwa chini ya nyuzi 55 hivi DSPC ni ngumu na haitawanyiki vizuri. Ncha ya kifaa cha kutikisa kwa ultrasaundi, cha kilohezi 20, iwekwe pale maji yanapokutana na gesi ya perfluorobutani: nguvu zote, sekunde 10, kisha chombo kitiwe kwenye barafu. Ukiizamisha ncha, gesi haiingii na unabaki na kitu kama maziwa. Hewa ya kawaida haifai, maana huyeyuka kwenye damu kiputo kikiwa bado njiani.

Viputo huelea, basi kuvisafisha ni kinyume cha kusafisha seli. Vitie kwenye bomba la sindano, mdomo chini, vizungushe kwa 300 g (mara 300 ya mvutano wa dunia) dakika 5. Vitajikusanya juu kwenye pistoni, na maji ya chini yamwagwe. Wengi hulipua hatua hii, kumbe lipidi huru iliyobaki ndiyo hunyakua streptavidini, protini inayounganisha bayotini ya kiputo na ya kingamwili, kabla ya viputo. Streptavidini nayo isibaniwe: ina nafasi 4 za kushika bayotini, na ikiwa haba molekuli moja hushika viputo 2, mchanganyiko ukawa vishada. Osha, tia kingamwili yenye bayotini, inayoshika shabaha yetu (ndiyo ile mikono), osha tena. Hayo ni ya panya. Kwa binadamu streptavidini huchokoza kinga ya mwili, hivyo hutumika peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iliyofungwa moja kwa moja kwenye lipidi.

Kunasisha viputo si kazi ngumu kama kujua kipi kimenasa. Picha yenyewe haitenganishi kiputo kilichoshika ukuta na kinachopita. Mdunge panya viputo milioni chache, acha kupiga picha, ngoja dakika 8 hadi 10 vilivyo huru vipungue. Rekodi kwa mawimbi dhaifu, MI (kipimo cha ukali wa mawimbi) chini ya 0.2. Kisha piga mapigo makali, MI karibu 1, yavunje viputo vyote eneo hilo. Ngoja sekunde chache damu mpya ijae, rekodi tena. Picha ya pili ina vinavyopita peke yake, kwa hiyo itoe kwenye ya kwanza.

Hesabu hiyo ya kutoa huharibika kirahisi. Anayeacha mashine ikipiga picha wakati wa kungoja huvunja alichokuja kukipima. Bomba lililolazwa mezani hupandisha viputo juu, na dozi ya kwanza hailingani na ya pili. Ligeuze taratibu kabla ya kudunga. Sindano nyembamba ikisukumwa kwa pupa huvipasua. Mwangwi ukifika kikomo cha kipokezi cha mashine, tofauti hufutika.

Ateri kubwa ina tatizo lake: damu huenda kasi na kiputo hakipati muda wa kushika. Baadhi huongeza sialili Lewis X, aina ya sukari inayoshika upesi ingawa kwa ulegevu, ili kingamwili imalizie kazi.

Kila mnyama apewe pia viputo vya kulinganishia vyenye kingamwili isiyolenga chochote, na zamu zipangwe kwa bahati nasibu. Na tafadhali, msifanye hesabu ya kutoa kwa picha zilizo katika desibeli, ambayo ni kipimo cha logi. Zirudisheni kwanza kwenye nguvu halisi ya mwangwi, kwani kutoa desibeli kwa desibeli hukupa uwiano, wala si kiasi cha viputo vilivyonasa.