Albamu Ina Nyimbo Ngapi? Mhadhara kwa Mashabiki wa Muziki

Mwenyekiti, wageni waalikwa, wanangu wa mitaani, na nyinyi mliokuja baada ya kusikia kuna soda. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili mkaniona king'ang'anizi. Nalisema tena. Shabiki anayesifia albamu ambayo hajaisikiliza hatoi maoni, anapiga debe. Kupiga debe ni kazi ya watu, pale Mbagala Rangi Tatu kuna vijana wanaifanya tangu alfajiri na wanapata chochote. Nyinyi mnapata nini?

Chukueni mwaka 2021 peke yake. Rayvanny katoa Sound from Africa, nyimbo 23. Ishirini na tatu! Hata tukisema kila wimbo dakika tatu, hiyo ni saa nzima na ushee. Lakini haijapita robo saa, mtu keshaandika "albamu ya mwaka", na chini yake mwenzake kajibu "takataka". Oktoba ikaja Only One King ya Alikiba. Mambo yale yale, ila waliosifu na walioponda wakabadilishana viti. Na wote wawili, nawaapia, wimbo wa tano hawajaufikia.

Najua mtakachosema: mzee, namba hazidanganyi, angalia watazamaji. Namba zinaniambia watu wamebonyeza. Haziniambii wimbo uliwaingia au walikuwa wamelala. Na nyinyi wa timu za wasanii, msinitumbulie macho, kama hamjawahi kuacha simu icheze usiku kucha chini ya mto ili namba za kaka yenu, msanii wenu, zipande.

Mwingine pale nyuma anasema mzee analilia kanda. Silii kanda. Kanda nyingi zilikuwa na wimbo mmoja uliopigwa redioni, mmoja wa kuridhisha, na vingine vya kujazia. Na msanii alikuwa anampelekea msambazaji wa Kariakoo masta, ile rekodi ya awali ya kunakilia kanda, anapewa hela mara moja, basi, kwaheri. Kuna ya kulilia huko, lakini si leo. Ninachosema ni kwamba kuruka wimbo ilikuwa kazi. Unapeleka mbele, unapitiliza, unarudisha, betri zinakufa. Ukaona bora usikilize tu. Uvivu wetu ulitusaidia.

Sasa niwaambie mkosoaji bora wa albamu ninayemfahamu. Ndiyo, ni yule mama wa maandazi, mnaomjua tulieni.

Yuko Buguruni. Saa kumi alfajiri anakanda unga, simu kaitundika msumarini ndani ya mfuko wa nailoni isirukiwe na mafuta. Mwanawe kamwekea albamu nzima ya kijana mmoja wa hapa hapa mjini. Simtaji, timu yake naiona imekaa safu ya tatu. Mikono ya mama imejaa unga hadi karibu na viwiko. Akitaka kuruka wimbo, lazima aache kukanda, anawe, ajifute kanga, aitoe simu mfukoni, abonyeze, arudi kwenye unga ambao umeshaanza kukauka juu. Kwa hiyo haruki ovyo. Nikamuuliza, mama, albamu hiyo unaionaje? Hakusema kali. Hakusema moto. Akasema, "Wa tatu na wa tisa nilinawa mikono."

Nikavuta ndoo nikakaa.

Wa tatu una nini? "Anaimba atampa mwanamke dunia nzima. Huyo hajadaiwa kodi ya miezi sita." Na wa tisa? Akasema kinanda kimemfunika kijana, maneno hayasikiki, na hapo hata mafuta yalikuwa hayajaanza kuchemka. Lakini wa kumi na moja, ambao sijausikia redio yoyote ikiupiga, wa kijana anayerudi kwao mikono mitupu na mama yake hamuulizi kitu, huo anaungoja. Ukianza, maandazi ya kwanza yanatakiwa yawe ndani ya karai. "Ukinikuta bado nasukuma, ujue nimechelewa, na watu wa daladala la kwanza nimewakosa."

Kuna bwana mmoja msomi wa muziki alinibishia siku moja: mama huyo hajui sauti wala mpangilio. Hajui? Rudi kwenye wimbo wa tisa. Kinanda kimefunika sauti. Hiyo ni miksi mbovu, na kaigundua kwa spika ya simu iliyofungwa kwenye mfuko! Wewe mwenye spika kubwa ulisema nini? Ulisema "kijana katisha".

Ubishi wenyewe siuchukii. Mashabiki wa Msondo na Sikinde, zile bendi mbili za dansi, walibishana kuliko nyinyi. Mwimbaji Gurumo alipoiacha JUWATA, ndiyo Msondo hiyo, mwaka 1978 na wenzake kwenda Mlimani Park, ndiyo Sikinde, kwetu ungedhani mtu kahama dini. Lakini nenda ukasikilize walichobishania: yule mke kwenye wimbo ana kosa au hana? Yule bwana alistahili kufukuzwa? Wanaanzia kwenye wimbo, wanaishia kwa shemeji zao. Au chukua Ndio Mzee ya Professor Jay, mwaka 2001, kwenye albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Mwanasiasa anaahidi maajabu, umati unaitikia. Ofisini kwetu bosi akipanga jambo lisilowezekana, mtu wa nyuma ananong'ona "ndio mzee", kikao kinavunjika kwa kicheko. Halafu 2015 mwenye wimbo kawa mbunge wa Mikumi! Tuliujadili upya wimbo wa miaka 14, mstari kwa mstari, kwenye kahawa. Nitajieni albamu ya mwaka jana mnayoijadili mpaka leo. Haya, nangoja.

Nilikuwa na la watangazaji na bahasha, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, basi watangazaji wamepona. La taarab nalo kwa kifupi: enzi za vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, mtu hakuinuka kutunza kwa kuwa tu anampenda mwimbaji. Aliinuka ubeti ulipomfaa, noti juu, akapita taratibu mbele ya yule anayemlenga. Hayo ndiyo maoni, tena ya kulipia. Na la lugha ya mashairi ya siku hizi... hapana, nimekatazwa.

Maswali. Wewe wa safu ya tatu, umenuna tangu nilipomtaja mama wa Buguruni. Simama, usiogope. Albamu ya kaka yako, wimbo wa kumi na moja unaitwaje?