Kigogo wa Queens na daftari la wapiga kura

ZUHURA: Haya, tumerudi. Leo tuko New York, tarehe 26 Juni 2018, siku ya kura za maoni za chama cha Democratic kumpata mgombea ubunge. Na Baraka, mtu aliyeangushwa siku ile hakuwa mbunge wa hivi hivi.

BARAKA: Hata kidogo. Joe Crowley alikuwa bungeni tangu 1999. Namba nne kwa ukubwa kati ya wabunge wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi, na wapo waliokuwa wakimtaja kuwa Spika ajaye. Juu ya hapo ndiye mwenyekiti wa chama Queens, moja ya sehemu za jiji la New York. Yaani mgombea ni yeye, mwenye chama ni yeye, na anayetaka udiwani au ujaji sharti apige hodi kwake.

ZUHURA: Na kura za maoni hakuwa na mpinzani tangu 2004. Miaka 14 jina linapita tu.

BARAKA: Halafu anatokea binti wa miaka 28, mhudumu wa baa, Alexandria Ocasio-Cortez. Sasa mimi dada yangu nitasema mapema ili usinikatize baadaye: ile video yake ya kampeni ndiyo iliyombeba. Dakika mbili tu, mitandao ikawaka.

ZUHURA: Nakukatiza sasa hivi. Video imetoka mwisho wa Mei, haikufika mwezi mmoja kabla ya kura. Kazi ilianza mwaka mzima nyuma. Watu wanaikumbuka video kwa sababu ilikuwa tamu kuitazama. Nani ataketi kutazama daftari?

BARAKA: Daftari gani tena?

ZUHURA: La wapiga kura. Kule mgombea analipata, na ndani yake hakuna jina na anwani tu. Kuna umejiandikisha chama gani, na uchaguzi upi ulijitokeza, upi ulikaa nyumbani. Ulimpigia nani ni siri. Kwamba ulikwenda, si siri.

BARAKA: Weee! Hilo hapa kwetu lingezua balaa.

ZUHURA: Sasa kawaida timu ya mgombea inachambua wale wasiokosa uchaguzi hata mmoja, wengi wao wazee, inawagongea hao basi. Akina Ocasio-Cortez wakaongeza milango ambayo haikuwa ikigongwa na mtu. Mabango yao yameandikwa Kiingereza na Kihispania. Baada ya kushinda aliweka mtandaoni picha ya viatu vyake vya kwanza vya kampeni, soli zimetoboka kabisa, akasema aligonga milango mpaka maji ya mvua yakawa yanaingia. Viatu hivyo baadaye vikaenda kwenye maonyesho Chuo Kikuu cha Cornell.

BARAKA: Haya, viatu nimevikubali. Lakini hata kuingia tu kwenye karatasi ya kura ni kazi, si ndiyo?

ZUHURA: Ndiyo ninayoipenda hiyo. Sheria ya New York inataka wadhamini 1,250, wote wawe wanachama wa chama chako, wote ndani ya jimbo la uchaguzi unalogombea. Unawatafuta mwezi Machi, baridi inauma, umesimama na ubao na kalamu nje ya stesheni. Na ukishakusanya, mawakili wa upande wa pili wana haki ya kupinga saini mojamoja: huyu kahama, huyu si mwanachama, huyu anwani haisomeki.

BARAKA: Na Queens mawakili wa chama ni mabingwa wa mchezo huo.

ZUHURA: Wanasifika! Kwa hiyo hupeleki 1,250. Unapeleka mara tatu, mara nne. Lakini angalia kilichotokea bila wao kukusudia: kila aliyesaini umeshaongea naye uso kwa uso, jina lake unalo, mtaa wake unaujua. Kikwazo kimekuwa orodha yako ya watu wa kuwakumbusha siku ya kura.

BARAKA: Na wale wasiokuwa na chama?

ZUHURA: Hawapigi. Na aliyekuwa chama kingine alitakiwa awe amebadilisha tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Miezi minane kabla! Anayesubiri mpaka mwezi wa nne ndipo aanze kuhamasisha, kachelewa.

BARAKA: Sasa twende kwenye hesabu, maana ndipo mimi nilipokaa kimya. Jimbo lina watu kama 700,000. Kura zote zilizopigwa siku ile hazikufika 30,000. Mshindi kapata karibu 17,000.

ZUHURA: Ndiyo maana nakwambia milango. Kwa idadi hiyo, watu wa kujitolea mia chache wenye orodha nzuri wanaligeuza jimbo. Crowley alitumia pesa zaidi ya mara kumi ya alizotumia Ocasio-Cortez, lakini vipeperushi vya posta havijibu maswali.

BARAKA: Na Crowley mwenyewe hakuwa anajibu. Mdahalo wa Bronx, maana jimbo lilishika Bronx na Queens, siku chache kabla ya kura, alimtuma diwani wa zamani, Annabel Palma, akae kwenye kiti chake.

ZUHURA: Mwakilishi wa mwakilishi! Aibu ile.

BARAKA: Lakini tusipake rangi sana. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba walalahoi wa Bronx walimwinua mwenzao. Ukitazama matokeo kituo kwa kituo, alifanya vizuri zaidi upande wa Queens, hasa Astoria, wamejaa vijana wasomi waliohamia.

ZUHURA: Kweli, na hilo wengi hawapendi kulisema. Astoria hiyohiyo, mwaka 2020, Zohran Mamdani alimng'oa mbunge wa bunge la New York yenyewe, si lile la Washington, Aravella Simotas, kwa kura mia chache tu. Mzaliwa wa Kampala huyo. Na baba yake, Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70.

BARAKA: Usianze kudai ni wetu.

ZUHURA: Nimetaja tu jamani!

BARAKA: Basi na mimi nitaje. Jamaal Bowman alimwangusha mbunge Eliot Engel wa New York 2020, Cori Bush akamwangusha mbunge Lacy Clay kule St. Louis. Mwaka 2024 wote wawili wakaangushwa kwenye kura za maoni. Kundi lililofungamana na AIPAC, shirika la ushawishi linaloitetea Israel, lilimwaga mamilioni ya dola juu yao. Sasa milango yako iko wapi?

ZUHURA: Jimbo la Bowman lilikuwa limechorwa upya, sehemu kubwa ya Bronx ikatolewa.

BARAKA: Na pesa?

ZUHURA: Na pesa, sikatai. Mwaka 2018 wenye pesa walikuwa wamelala, hakuna aliyeona hatari. 2024 walikuwa macho mapema. Ila mtazame Ocasio-Cortez mwenyewe. Mwaka 2020 alipata mpinzani wa kwenye kura za maoni, mwanahabari wa zamani wa televisheni ya biashara, mwenye fedha za kutosha. Akamshinda, akazoa zaidi ya asilimia 70 ya kura.

BARAKA: Kwa sababu naye sasa ana mamilioni.

ZUHURA: Ya michango midogomidogo!

BARAKA: Mamilioni ni mamilioni, dada. Tuache hapo, muda umetutupa. Wiki ijayo tunahamia kwa Republican: Virginia 2014, kiongozi wa wabunge walio wengi, Eric Cantor, alivyoangushwa na mwalimu wa uchumi. Zuhura atakuja na daftari lake.

ZUHURA: Na wewe uje na risiti.