Mzazi Akimpigia Simu Mjumbe wa Bodi

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo ni bodi ya shule na mkuu wa shule: nani anaishia wapi? Kaka Juma, jibu la vitabuni tunalo. Bodi itoe dira, mkuu atekeleze.

JUMA: Hilo halina mbishi, dada. Ubishi huanza saa tatu usiku, mzazi anapompigia mjumbe wa bodi: "Mwalimu wa hesabu anamwonea mwanangu." Mjumbe afanyeje?

REHEMA: Wengi humpigia mwalimu papo hapo.

JUMA: Basi wameshaharibu. Mjumbe akiwa peke yake hana mamlaka. Bodi ni bodi ikiwa imekaa kikao, akidi imetimia, uamuzi umeingia kwenye muhtasari. Mwalimu akishapokea simu ile, kesho amtii nani?

REHEMA: Ana mabosi wawili. Au kumi na wawili, kutegemea bodi yenyewe!

JUMA: Ee! Mjumbe amsikilize mzazi kwa heshima, kisha amwelekeze: aanze na mwalimu, akishindwa aende kwa mkuu. Na shauri hilo likija kufika kwenye bodi kama rufaa, mjumbe aliyeshaegemea upande atalihukumuje?

REHEMA: Sawa, lakini niwatetee wajumbe kidogo. Kuna wakuu wanaojificha nyuma ya neno "utekelezaji". Taarifa ya fedha, kurasa tele, inagawiwa asubuhi ya kikao, halafu "tunaomba mpitishe".

JUMA: Hapo wajumbe wagome kabisa. Nakala zije mapema, wazisome. Waulize: tumevuka bajeti fungu gani, kwa nini, pengo litazibwa na nini? Chaki ilinunuliwa duka gani, hilo waliache.

REHEMA: Kuna Mmarekani, John Carver, aliyebuni mfumo wake wa uongozi wa bodi miaka ya 1970. Yeye anasema bodi itaje matokeo inayoyataka, kisha iandike yale ambayo mtendaji haruhusiwi kufanya. Njia za kufikia matokeo imwachie mtendaji.

JUMA: Hayo makatazo nayapenda. Usikope bila idhini, usishushe akiba chini ya kiwango fulani. Ndani ya uzio huo mkuu anapumua. Ila shuleni matokeo huchukua miaka kuonekana. Bodi ikikaa kuyasubiri, itashtuka wanafunzi wameshamaliza. Kwa hiyo mahudhurio, walimu wanaoacha kazi, kiwango cha usomaji, hivyo ivione kila muhula.

REHEMA: Na tathmini ya mkuu mwenyewe?

JUMA: Vigezo vikubaliwe mwanzoni mwa mwaka, kwa maandishi. Ukivitunga baada ya kugombana naye, unamwadhibu tu.

REHEMA: Swali la msikilizaji: mwenyekiti na mkuu ni marafiki wakubwa. Ni tatizo?

JUMA: Si lazima. Tena wasipoelewana ni balaa zaidi. Ila msikilizaji wetu afungue mihtasari ya mwaka mzima, atafute hoja hata moja ya mkuu iliyorudishwa ikarekebishwe. Asipoiona, ana swali la kuuliza kikao kijacho.