Wimbo Uliomtangulia Fundi Cherehani: Mhadhara Kuhusu "Love Me Tonight"

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitika mwaliko.

Kipande cha filamu ya nyimbo "Love Me Tonight" tulichotoka kukiangalia kinaanza Paris alfajiri. Kengele inalia. Kibarua anatia sururu barabarani, mtu aliyelala nje anakoroma, mwanamke anafagia mbele ya mlango wake. Washona viatu wanagonga misumari kwa kupokezana. Mtoto analia, king'ora cha kiwanda kinapulizwa, zulia linakung'utwa. Kila sauti inakuja na mapigo yake na kujipanga juu ya zilizotangulia, mpaka mtaa mzima umeshika mdundo mmoja. Ndipo tunamwona mwigizaji na mwimbaji Mfaransa Maurice Chevalier chumbani kwake, anailalamikia Paris kwamba kelele zake zimezidi, kisha naye anaanza kuimba.

Filamu hii ilitoka mwaka 1932. Aliyeiongoza ni Rouben Mamoulian, Mwarmenia mzaliwa wa Tiflis, ambayo leo ni Tbilisi. Mbinu hiyo ya kuuamsha mtaa kwa sauti alikwisha kuitumia jukwaani New York mwaka 1927, katika tamthilia ya "Porgy".

Ili tuuone utamu wake, tukumbuke hali ilivyokuwa. Sauti ilipoingia kwenye sinema, kamera ilipoteza miguu. Ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo wakaifungia ndani ya kibanda kisichopitisha sauti. Waigizaji nao wakabanana karibu na maikrofoni iliyofichwa. Zikafuata filamu nyingi za nyimbo ambazo hadithi inasimama, mtu anaimba, akimaliza hadithi inaendelea. Kufikia mwaka 1930 watazamaji Marekani walikwisha kuzichoka. Mamoulian hakuukubali ufungwa huo. Katika filamu yake ya kwanza, "Applause" ya 1929, alishikilia atumie maikrofoni mbili katika tukio moja, mama akiimba huku binti akinong'ona sala, na sauti hizo zichanganywe. Mafundi walimwambia haiwezekani. Iliwezekana.

Sasa nataka tukae na wimbo mmoja, "Isn't It Romantic?", wa Richard Rodgers na mshairi wake Lorenz Hart. Chevalier ni Maurice, fundi cherehani. Anauimba dukani mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suti ya harusi. Mteja anatoka nao mdomoni. Dereva wa teksi anaudaka. Abiria wake ni mtunzi wa muziki anayewahi treni. Anaanza kuuandika, na ndani ya behewa anautilia maneno. Wanajeshi waliomo wanausikia, wakishuka wanaupigia gwaride mashambani. Kijana mpiga fidla anaupokea kutoka kwao, anaupeleka kwenye kambi ya watu wake wanaohamahama. Kutoka kambini unapanda hadi roshani ya kasri, alipo Princess Jeanette, mjane kijana, ambaye ni Jeanette MacDonald. Naye anaumalizia.

Hawa wawili hawajaonana bado! Hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo. Lakini sisi tuliokaa gizani tumekwisha kuwaunganisha, kwa sababu tumeusindikiza wimbo njia nzima. Kwangu mimi hapa ndipo mvuto wa filamu ulipo: wimbo wenyewe ndio tukio. Uondoeni, na hadithi haifiki kwenye kasri.

Hata mazungumzo mara nyingi yana vina, na yanateleza kuingia kwenye wimbo bila mshono kuonekana. Aliyewahi kusikiliza ngonjera nzuri, mmoja akitoa hoja na mwenzake akimjibu kwa vina, atajihisi yuko nyumbani.

Maurice anafika kasrini kudai fedha za nguo alizomshonea mdeni mmoja wa ukoo wenye kasri hilo, na mdeni huyo anamtambulisha kama baroni. Ukweli unapojulikana, habari inasambaa kwa wimbo kutoka kwa wenye kasri hadi kwa wapishi na wajakazi. Wote wanaona wamefedheheshwa na fundi cherehani. Nyimbo zinavuka matabaka kwa wepesi, lakini dharau nayo inavuka kwa wepesi uleule, na inaniumiza kila mara kuona watumishi wakiimba kwa hasira sawa na mabwana zao.

Kuna jambo la kusikitisha. Baada ya mwaka 1934 sheria za maadili zilipokazwa Hollywood, filamu ilikatwa ndipo irudishwe majumba ya sinema, na vipande vilivyotolewa havijapatikana mpaka leo. Mojawapo ni ubeti wa mwigizaji Myrna Loy katika wimbo wa "Mimi", ambalo hapa ni jina la mwanamke, si neno letu la Kiswahili. Vazi lake la kulalia lilionekana jepesi mno. Mwaka 1990 Marekani iliiingiza filamu hii katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Tunachokiona ndicho kilichosalia baada ya mkasi.

Tutaangalia sasa sehemu ya mwisho. Maurice amefukuzwa, yumo kwenye treni, na binti wa kifalme anamfukuzia kwa farasi. Tazameni picha za kwato na magurudumu zinavyopishana, na mwangalie ni nani anayesimama relini kuizuia treni. Kisha karibuni maswali.