Mpindue Kaa Kwanza

Walimu wenzangu wa baiolojia, nimekuja tena Moshi na neno lilelile: tuache kutambua jinsia ya kaa kwa gando. Tuangalie tumbo.

Wale kaa wa mikokoni ambao dume ana gando moja kubwa mnawajua. Tanga na Bagamoyo wamejaa. Gando hilo laweza kukaribia nusu ya uzito wa mwili wake. Hulipunga mlangoni mwa shimo kuwaita majike, na hupigana nalo na madume wenzake. Basi tunalichora ubaoni, kisha kwa jike tunaandika "hana gando kubwa". Kwa nini tumweleze jike kwa alichokosa? Jike huchota tope la chakula kwa magando mawili madogo. Dume amebaki na kijiko kimoja, hivyo inambidi achote upesi zaidi au ashinde akila. Nani hapo aliyepungukiwa?

Mtu ataniambia gando huonekana kwa mbali, lakini tumbo mpaka umkamate kaa. Mkamate basi! Dume mchanga gando lake bado halijakua. Dume aliyekatika gando huota jingine, na kuna spishi ambazo hilo jipya hurefuka kama la kwanza lakini ni jepesi na dhaifu. Utapima nini kwa kiungo cha namna hiyo? Mpindue. Tumbo ni lile bamba lililokunjwa chini ya mwili; kwa dume ni jembamba. Kwa jike aliyekomaa ni pana, la mviringo, maana chini yake ndipo anapobeba mayai.

Wala msiniambie Kilimanjaro hakuna bahari. Vijito vya mlima huu vina kaa wa maji baridi, na tumbo lao husomeka vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Machame hahitaji nauli ya kwenda pwani.

Muda umenibana. Kamba wachimbaji wa matopeni nao, dume hukuza gando moja kupita la jike, na huko shimoni gizani si la kupunga, ni la kupigania. Emerita, jamaa wa kaa wanaojifukia kwenye mchanga wa mawimbi, wamegeuza mambo: dume ni mdogo kuliko jike, na katika baadhi ya spishi hujishikiza mwilini mwa jike. Hao wanataka siku yao.

Leteni ile ndoo ya kaa wa mtoni. Mshikeni kwa nyuma ya gamba, asiwabane.