Chanya Asubuhi, Hasi Jioni: Vipimo vya Korona kwa Wachezaji wa Kulipwa

JABIR: Leo naanza na jezi. Tarehe 24 Januari 2022, Yaoundé, hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, Kameruni wenyeji wanacheza na Komoro. Golini kwa Komoro kasimama Chaker Alhadhur. Mgongoni ana namba 3 iliyobandikwa kwa vipande vya utepe, kwa sababu hakuna aliyemshonea jezi ya kipa. Nani angemshonea? Yule ni beki wa kushoto!

REHEMA: Na mwenyewe si mrefu.

JABIR: Si mrefu hata kidogo. Halafu dakika ya 7 nahodha wao Nadjim Abdou analambwa kadi nyekundu. Kwa hiyo wako 10 na kipa wao ni beki.

REHEMA: Karibuni wasikilizaji, maana mwenzangu leo hata salamu kaiacha nyumbani. Na kabla hujaendelea, Jabir, usiku ule watu wanane walikufa kwa msongamano nje ya uwanja. Tusizungumzie mechi ile kama kichekesho tu.

JABIR: Kweli, dada, asante. Sasa, makipa wa Komoro walikuwa watatu. Salim Ben Boina aliumia bega kwenye mechi waliyowafunga Ghana 3-2. Wawili waliobaki, Ali Ahamada na Moyadh Ousseini, wakakutwa na korona. Siku ya mechi Ahamada anapimwa tena, majibu yanarudi hasi. Komoro wanashangilia. CAF, shirikisho la soka Afrika, wanasema hapana, kanuni inataka siku tano za kujitenga. Hachezi. Swali langu tangu siku ile ni moja: kipimo gani kilisema kweli, cha kwanza au cha pili?

REHEMA: Inawezekana vyote viwili.

JABIR: Ndiyo majibu yenu watu wa maabara hayo.

REHEMA: Ngoja nikueleze. Kipimo cha PCR hakimwangalii mtu, kinaangalia kilichoganda kwenye kijiti cha pamba dakika ile kilipoingia puani. Huyo kirusi ni mdogo mno, kwa hiyo mashine inadurufu kipande cha vinasaba vyake. Kila mzunguko nakala zinakuwa maradufu. Ukianza na moja, baada ya mizunguko 30 una zaidi ya bilioni. Sasa, mwenye virusi vingi anaonekana mapema, labda mzunguko wa 20. Mwenye mabaki tu anaonekana kwenye 35 au zaidi. Kati ya hao wawili tofauti ya virusi ni kama mara 32,000. Lakini karatasi inayofika kwa daktari wa timu inaandika neno lilelile kwa wote: chanya.

JABIR: Kwamba anayeambukiza chumba kizima na aliyepona wiki tatu zilizopita wanapata karatasi moja?

REHEMA: Moja. Aliyepona anaweza kubaki na mabaki ya kirusi puani kwa wiki kadhaa, yasiyoweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana miongozo ya afya ya Marekani na Uingereza wakati ule ilisema aliyepona asipimwe ovyo kwa PCR ndani ya siku 90. Na mtu wa namna hiyo yuko pembezoni. Kijiti kikigusa hapa ni chanya, kikigusa pale ni hasi. Jana chanya, leo hasi, na hakuna aliyedanganya.

JABIR: Hapo ndipo naikumbuka Lazio. Mwisho wa Oktoba 2020. Ciro Immobile, mshindi wa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya msimu uliokuwa umetoka kuisha, anazuiwa kucheza Ligi ya Mabingwa kule kwa Club Brugge kwa sababu maabara ya UEFA, shirikisho la soka Ulaya, imemkuta na virusi. Siku chache baadaye maabara inayotumiwa na klabu inasema yuko safi, anasafiri kwenda kwa Torino kwenye ligi ya Italia, anaingia, anafunga penalti dakika za nyongeza, Lazio wanashinda 4-3. Halafu wanarudi kwenye Ligi ya Mabingwa dhidi ya Zenit, hayupo tena! Nikawa najiuliza, huyu bwana korona yake inaogopa mechi za Italia?

REHEMA: (anacheka) Ile kesi naipenda kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mashabiki hawaambiwi. Hakuna mashine moja ya dunia nzima. Maabara hii inatafuta jeni hizi, yaani vipande hivi vya vinasaba vya kirusi, ile inatafuta nyingine. Hii inasema mzunguko wa 37 bado ni chanya, ile imechora mstari chini ya hapo. Kwa mtu mwenye virusi tele hawatatofautiana kamwe. Kwa mtu wa pembezoni watatofautiana, na kila mmoja atakuwa amefuata utaratibu wake barabara. Mabishano ya Lazio yalifika mpaka kwenye jeni, nadhani ni mara ya kwanza kusikia watu wa mpira wakibishana jeni redioni.

JABIR: Ila adhabu ikatoka. Machi 2021, faini ya yuro 150,000, na rais wao Claudio Lotito akafungiwa miezi saba.

REHEMA: Kwa kukiuka taratibu za afya, si kwa kosa la mashine. Na klabu ikakata rufaa. Mimi nalaumu kitu kingine: kwa nini mchezaji mmoja alikuwa chini ya maabara mbili zenye mistari miwili? Hilo lilitakiwa kumalizwa mezani kabla msimu haujaanza.

JABIR: Haya, hao ni wa pembezoni. Vipi wale ambao hawakuwa na kirusi kabisa? Serge Gnabry, Oktoba hiyohiyo ya 2020, majibu yanatoka chanya siku moja kabla ya Bayern kucheza na Atlético Madrid. Anawekwa pembeni. Vipimo vilivyofuata vyote hasi, na siku chache baadaye yuko uwanjani.

REHEMA: Bayern walimkosa sana?

JABIR: Walishinda 4-0. Kwa hiyo hapana.

REHEMA: Hapo sasa tunaingia jikoni. Nitawaambia kitu changu mwenyewe. Nilipokuwa maabara, na siitaji ni ipi, asubuhi moja nilikuwa na mirija miwili mkononi, majina yanafanana, herufi tatu za mwanzo zilezile. Simu ikaita. Nikageuka, nikarudi, nikabandika lebo. Mchana mwenzangu ananiuliza, "Huyu wa kike mbona fomu inasema wa kiume?" Nilitoka jasho la baridi. Tukachukua sampuli upya kwa wote wawili. Mashine haikukosea chochote siku ile, ilisoma vizuri kabisa mrija wenye jina la mtu mwingine.

JABIR: Lo!

REHEMA: Au tone. Tone lisiloonekana kutoka kwenye sampuli yenye virusi vingi linaruka, linaingia kwa jirani. Marekani, kwenye ligi yao ya NFL, najua si mpira wetu, Agosti 2020 maabara moja ya New Jersey ilitoa majibu chanya 77 ya timu 11 kwa mpigo. Wakarudia, yote hasi. Ulikuwa uchafuzi wakati wa kuandaa sampuli. Hao walibahatika kwa sababu walikuwa 77, kila mtu alishtuka. Akiwa mmoja, kama Gnabry, nani anashtuka? Wanaambiwa kaugua, basi.

JABIR: Lakini nilisikia PCR haikosei kirahisi.

REHEMA: Haikosei kirahisi. Ila wewe umeipima timu ngapi, na mara ngapi kwa wiki? Ligi Kuu ya Uingereza walipotaka kurudi Mei 2020, awamu ya kwanza walipima watu 748, wakapata 6. Bundesliga, ligi ya Ujerumani, kabla yao, vipimo 1,724 kwenye klabu 36 za madaraja mawili, chanya 10. Sasa chukua mfano wangu wa darasani, siyo takwimu ya maabara yoyote: tuseme kipimo kinamwonea mzima mmoja kati ya 200. Kwa watu 748, hao ni karibu wanne.

JABIR: Wanne kati ya sita?

REHEMA: Katika mfano wangu, ndiyo. Kwa sababu unapima watu ambao karibu wote ni wazima. Kipimo hichohicho ukikipeleka kwenye wodi ya watu wanaokohoa, chanya zako karibu zote zitakuwa za kweli. Kipimo hakijabadilika, uliowapima ndio wamebadilika. Hili jambo hata madaktari linawachanganya, nisikufiche.

JABIR: Dawa yake si kurudia tu?

REHEMA: Kurudia kwa sampuli mpya. Nasisitiza mpya. Ukiurudisha mashineni mrija uleule uliochafuka, utakupa chanya mpaka kesho. Mtu yuleyule, kijiti kipya, mrija mpya, ikiwezekana maabara nyingine. Ikiwa uwezekano wa kosa ni 1 kati ya 200 na makosa hayahusiani, mara mbili mfululizo ni 1 kati ya 40,000.

JABIR: Liverpool! Januari 2022. Wanaomba nusu fainali ya Kombe la Ligi na Arsenal iahirishwe, mechi ya tarehe 6 inasogezwa. Siku chache baadaye Jürgen Klopp anasema chanya nyingi zilikuwa za uongo, wa kweli alikuwa Trent Alexander-Arnold peke yake. Mashabiki wa Arsenal mpaka leo hawajasamehe. Mimi mwenyewe nilisema, hawa wajanja.

REHEMA: Na bado unaamini?

JABIR: Kidogo.

REHEMA: Shabiki ni shabiki. Lakini jiweke mahali pa daktari wa timu. Saa 48 kabla ya mechi ana rundo la chanya mezani. Akiwaacha wachezaji wafanye mazoezi pamoja halafu ziwe za kweli, ni yeye. Akisimamisha halafu ziwe za uongo, ni yeye pia. Mimi ningesimamisha.

JABIR: Tumeongea chanya ya uongo tu. Hasi ya uongo je?

REHEMA: Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, na ndiyo iliyopigiwa kelele kidogo, kwa sababu mchezaji akiambiwa hasi haendi kulalamika! Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikadiria kwamba siku ya kwanza baada ya kuambukizwa PCR haimkamati mtu hata mmoja. Siku ya nne bado inawakosa 67 kati ya 100. Siku dalili zinapoanza, 38. Pazuri kuliko pote, kama siku ya nane, bado 20. Yaani umeambukizwa Jumatatu, unapimwa Jumanne, Alhamisi una karatasi safi, Jumamosi unamkumbatia aliyefunga goli.

JABIR: Na wale waliokuwa wanasema "wote wamepimwa, chumba ni salama"?

REHEMA: Chumba kilikuwa salama juzi, labda. Ndiyo maana Uingereza walipima mara mbili kwa wiki. Hapo kipimo kimoja kinachokosa watu kinasaidiwa na kinachofuata. Na Ujerumani, wachezaji wawili wa klabu ya Dynamo Dresden walipokutwa na kirusi Mei 2020, kikosi kizima kiliwekwa karantini siku 14, pamoja na wenye majibu hasi. Watu walilia kwamba ni uonevu. Kwa hesabu niliyokutajia sasa hivi, haukuwa.

JABIR: Turudi Yaoundé basi. Alhadhur aliokoa michomo ambayo makipa wa kweli wangeringa nayo, Komoro wakafungwa 2-1, na lile la Youssouf M'Changama la mpira wa adhabu ukiliangalia leo bado unasimama. Wewe ungekuwa CAF, Ahamada angecheza?

REHEMA: Ningetaka kijiti kipya, siku hiyohiyo, na ningetaka kujua kile cha kwanza kilionekana mzunguko wa ngapi. Kikiwa 36, na hiki kipya kikirudi hasi, acheze. Kikiwa 19 siku mbili zilizopita, hata aniletee hasi tatu simruhusu, nitajua kijiti hakikuingia vizuri.

JABIR: Na kanuni ilikuwa inauliza namba ya mzunguko?

REHEMA: Ilikuwa inahesabu siku. Tano.

JABIR: Mimi ningekuwa kocha ningempanga tu.

REHEMA: Na mimi ningekuuliza, namba iko wapi?

JABIR: Sina.

REHEMA: Basi mpe Alhadhur glavu.