"Yanakaa?": Mhadhara Kuhusu Waridi na Ngozi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kaka zangu mlioketi kule mlangoni, sogeeni mbele kidogo. Mambo ya leo ni ya pua, na feni hii inapeleka kila kitu dirishani.

Kuna swali ambalo kila muuza marashi wa Mji wa Kale hulisikia hata kabla salamu hazijesha: "Yanakaa?" Mteja hajafungua kifuniko, hajanusa, tayari anataka kujua yatakaa saa ngapi. Ukiuliza hivyo kuhusu udi, ni sawa. Miski na ambari pia, ni sawa. Lakini kwa waridi swali hilo linatupotosha. Nimeona watu wakiliacha waridi zuri juu ya kaunta wakachukua baya, kwa sababu moja tu, kwamba baya halitoki kwenye nguo hata likifuliwa. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana nilipoitwa kuzungumza sikusita.

Tuanze na ua lenyewe. Kenya yetu hukuza mawaridi mengi sana, na mashamba ya Naivasha yanajulikana hadi Uholanzi. Lakini chukua lile waridi la duka la maua, litie puani. Utapata harufu ya majani na maji, basi. Limezalishwa lisimame wima kwenye chombo na listahimili safari ya ndege, na katika kuzalishwa huko harufu ikapotea. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kuna kimeng'enya maalumu kinachosaidia ua kutengeneza jeranioli, moja ya nguzo za harufu ya waridi, na kwamba katika mawaridi yasiyonukia jeni ya kimeng'enya hicho karibu haifanyi kazi.

Waridi la marashi ni lingine. Hasa ni lile liitwalo Rosa damascena, linalolimwa Kazanlak kule Bulgaria, Isparta Uturuki, Qamsar Iran, Taif Saudia, na kwenye milima ya Jabal Akhdar Oman. Ufaransa, mjini Grasse, wana binamu yake, Rosa centifolia. Popote pale huchumwa mapema asubuhi. Jua likishapanda, sehemu ya harufu imeshakwenda na hewa. Angalieni hapo: hata likiwa bado mtini, waridi halingoji. Mtu anayelidai likae siku mbili shingoni mwake analidai kitu ambacho halikuumbiwa.

Sasa likishachumwa, petali huchemshwa na maji katika chungu kikubwa cha shaba, mvuke ukapozwa (huko ndiko kukeneka), na kinachotoka ni maji yenye mafuta kidogo yanayoelea juu. Mafuta hayo ndiyo halwaridi. Maji ndiyo marashi tunayoyatia kwenye mrashi wa fedha na kuwanyunyizia wageni arusini na kwenye maulidi. Wengi hudhani maji ni mabaki na mafuta ndiyo waridi lenyewe. Si hivyo. Kiungo kikubwa cha harufu ya ua bichi, alkoholi ya feniliethili, huyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo wakati wa kukeneka sehemu yake kubwa hubaki huko. Ukitaka kunusa kitu kilicho karibu na ua lililofunguka sasa hivi, nusa marashi mazuri ya maji. Halwaridi ni kali zaidi, ina harufu ya viungo vya chakula ndani yake, na mara ya kwanza huwashtua watu. "Mbona hii si waridi?" wanasema. Ni waridi, ila ni upande wake mwingine.

Wale wenye jamaa Oman wanajua pia maji ya waridi ya Jabal Akhdar yanayokenekwa kwa njia ya zamani, juu ya tanuri la udongo na moto wa kuni. Yana harufu ya moshi ndani. Yakitiwa kwenye halwa au kwenye kahawa, moshi ule ndio raha yenyewe. Mimi nayapenda kuliko yote, na sioni haya kusema.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi. Ili upate kilo moja ya halwaridi unahitaji kati ya kilo 3,000 na 5,000 za maua. Tola moja ni karibu gramu 11.7. Pigeni hesabu: tola moja imebeba kilo 35 za maua kwa uchache. Akikuuzia mtu tola kwa shilingi 300 na kuapa ni halwaridi safi, kiapo hicho ni chake. Watakwambia pia uitie kwenye friji uone kama itaganda, na kweli halwaridi safi huganda kwenye baridi kidogo tu kwa sababu ina nta ya asili. Lakini nta mtu anaweza kuiongeza. Na niseme wazi: harufu ya waridi iliyotengenezwa maabara si kosa. Marashi mengi mazuri yanayo. Kosa ni kuiuza kwa jina la nyingine.

Tuje kwenye ngozi, maana hapa ndipo penye utamu. Mama hapa mbele, nipe mkono wako. Tone moja tu la halwaridi, juu ya kiganja, upande wa nyuma. Usisugue. Nusa, kisha mpe na jirani yako.

Unachopata sasa ni ukali wa limau, ukijani, na kitu kama chuma baridi. Hicho cha chuma ni oksidi ya waridi. Imo humo kwa kiasi kidogo sana, lakini haikosi kusikika, na imo pia kwenye tunda la lichi. Nyuma yake kuna pilipili manga, na ukitulia utapata karafuu. Msishangae, halwaridi ina yujenoli kidogo, kile kile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Hatua hii ni fupi. Mteja akinusa dukani akaondoka, hii peke yake ndiyo aliyoinusa, na kwa hii anaamua kununua au kuacha.

Nusu saa baadaye ukali umeshuka. Sitronelioli na jeranioli ndizo zimeshika usukani, na sasa mtu yeyote atasema hili ni waridi: mwanana, lenye unyevu, na asali chini yake. Hapo ndipo watu wa karibu yako watakuuliza umejipaka nini. Halafu, polepole sana, linaingia tunda lililopikwa, mfano wa matufaha yaliyochemshwa na sukari, na kwa mbali majani makavu ya chai. Huyo ni damaskenoni. Kiasi chake hakifiki hata asilimia moja ya mafuta, lakini pua ya binadamu humtambua akiwa kidogo mno, na bila yeye halwaridi ingekuwa sabuni. Mkifika saa ya tatu au ya nne, kilichobaki kiko karibu na ngozi, anakipata aliyekukumbatia tu. Mwanamke akiniambia waridi lake "limekwisha" saa ya tatu, namwomba ainue mkono anuse tena. Mara nyingi hapo ndipo lilipo zuri kuliko yote.

Basi, yale yanayokaa siku mbili ni nini? Ni waridi lililoshikwa na kingine. Wahindi wa Kannauj hukeneka waridi moja kwa moja ndani ya mafuta ya mti wa sandali, na sandali huvukiza taratibu, hulishika. Watu wa Ghuba huliweka na udi. Viwanda hutumia miski za maabara. Ndoa hizi ni nzuri, ya waridi na udi hasa, sina neno nayo. Lakini kesho yake asubuhi unaponusa buibui lako na kusema "waridi bado lipo," kilichopo ni udi na sandali. Waridi liliaga jana.

Kuna na suala la ngozi yenyewe. Ngozi kavu hupoteza harufu upesi kuliko yenye mafuta. Pakeni kwanza mafuta yasiyonukia, vaselini inatosha. Mafuta ya nazi hapana, nayapenda nyweleni, lakini harufu yake italifunika waridi. Joto letu la pwani huharakisha kila kitu: hatua nilizozitaja zitapita haraka Mombasa kuliko Limuru. Kwa hiyo jipake kidogo, na ukipenda rudia alasiri. Kanzu nyeupe usiitie mafuta, doa halitoki.

Halafu msiziamini sana pua zenu. Pua huzoea. Baada ya dakika kadhaa hujisikii, na ukiongeza kwa sababu hujisikii, wenzako kwenye matatu watateseka. Muulize mtu mwingine. Hata huyo mtu mwingine hanusi kama wewe: waridi lina chembe ya ayononi, ambayo baadhi ya watu huipata kama ua na wengine kama kitu kilichochacha, na tofauti hiyo inatokana na jeni moja tu ya pua. Mume akisema chupa uliyoipenda haimpendezi, huenda anasema kweli tupu.

Kwa wenye ngozi nyepesi kudhurika: jeranioli na sitronelioli zimo kwenye orodha ya vitu ambavyo Umoja wa Ulaya, tangu 2005, umetaka viandikwe kwenye vipodozi kwa sababu huwaletea baadhi ya watu mzio. Weka tone ndani ya mkono, ngoja hadi kesho, ndipo upake shingoni.

Mezani kuna chupa tatu: maji ya waridi, halwaridi, na ile ya Kannauj yenye sandali. Anzeni na maji. Halwaridi mkono wa kulia, ya sandali mkono wa kushoto, tone moja moja, na msiinuse ya kushoto kabla hamjamaliza chai. Maswali nitayapokea baada ya hapo, maana mtakuwa mnayo mazuri zaidi. Karibuni.